Haki ya Mnunuzi Haizeeki

Katika jamaa zetu kitu cha mtoto hakinunuliwi kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Blanketi, beseni la kuogea, chupa ya kunyweshea maziwa, chandarua, hata dawa ya kikohozi iliyobaki nusu, vyote huwekwa akiba. Mtoto wa pili akizaliwa hutolewa tena, na baadaye hupewa dada mdogo au jirani. Desturi hii ni njema, maana fedha ni haba. Huko Ngungu, katika milima ya Masisi, bidhaa za dukani hupanda kutoka mjini, na kila mkono zinamopita huongeza bei kidogo. Mama aliyeuza viazi vyake ili apate chupa moja ya dawa hawezi kuitupa kwa wepesi.

Lakini tuulize jambo moja. Kitu hicho kikikaa nyumbani mwaka mmoja au miwili, kisha ikajulikana kwamba ni kibovu na chaweza kumdhuru mtoto, hasara ni ya nani? Wengi hujibu upesi: “Ni ya mwenye nacho. Amekwisha kukitumia, sasa ni kikuukuu.” Jibu hilo ni la haraka mno, na tena si la haki.

Kuna ubovu wa namna mbili, wala haifai kuuchanganya. Ubovu wa kwanza huja kwa matumizi. Blanketi hutoboka, chandarua huchanika, na dawa iliyofunguliwa zamani huharibika. Hilo halimhusu mwuzaji. Ubovu wa pili umezaliwa pamoja na kitu chenyewe. Ulikuwamo siku ya kununua, lakini ulifichika, na macho ya mnunuzi hayakuweza kuuona. Ubovu huo ni deni, na deni halilipwi na miaka.

Tutoe mfano wa karibu. Mwezi wa Aprili 2024 wakuu wa dawa wa Nijeria walitangaza kwamba katika dawa moja ya kikohozi ya watoto, iitwayo Benylin Paediatric, wameona sumu iitwayo dayethilini glaikoli kupita kiasi. Dawa hiyo ilitengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Johnson & Johnson katika mwezi wa Mei 2021, nayo ilikuwa na namba ya toleo 329304. Baada ya tangazo hilo, Kenya, Rwanda, Tanzania na Afrika Kusini yenyewe ziliagiza chupa za namba hiyo ziondolewe madukani. Kampuni ya Kenvue, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa na jina la dawa hiyo, ilisema kwamba ilipoipima haikuiona sumu hiyo.

Sisi hatukati shauri kati yao. Tunataka wazazi waangalie tarehe. Dawa ilitengenezwa Mei 2021, na siku yake ya mwisho iliyoandikwa ilikuwa katika Aprili 2024. Tangazo lilitoka katika mwezi uleule ambao dawa ilikuwa inamaliza muda wake. Kwa karibu miaka mitatu chupa hizo zilikuwa zimeuzwa, zimenyweshwa, na nyingine zimewekwa kabatini. Je, mzazi aliyekuwa na chupa ya miaka miwili angeambiwa kwamba amechelewa? Alichelewaje kujua jambo ambalo wataalamu wenye vyombo vya kupimia walikuwa hawajalitangaza?

Wala jambo hili si dogo. Sumu hiyo haina rangi, tena ina utamu, hata mtoto hawezi kuikataa. Huharibu figo, mkojo hukatika, na mtoto hufa. Mwaka 1937 watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto, walikufa nchini Marekani kwa dawa ya maji iliyochanganywa nayo. Kwa sababu ya msiba huo, mwaka 1938 nchi hiyo ilitunga sheria kwamba dawa mpya isiuzwe kabla ya kuhakikishwa kuwa ni salama. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa nchini Gambia, na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo juu ya dawa nne za watoto zilizotoka Uhindi. Mwaka huohuo Indonesia ilipoteza watoto wengi zaidi kwa dawa zenye sumu za namna hiyo.

Mfano wa pili ni wa kitanda. Tangu mwaka 2009 kampuni ya Fisher-Price iliuza Marekani kitanda cha kumbembelezea mtoto mchanga, kilichoitwa Rock 'n Play. Kilikuwa kimeinama, na watoto wengine walijigeuza humo wakakosa pumzi. Baada ya miaka kumi, katika Aprili 2019, vitanda milioni 4.7 viliitwa virudishwe, kwa kuwa watoto zaidi ya 30 walikuwa wamekufa ndani yake. Tazameni sasa jinsi malipo yalivyopangwa. Aliyekuwa amekinunua katika miezi sita ya mwisho alirudishiwa fedha zake zote. Aliyekinunua zamani zaidi alipewa hati tu ya kuchukulia bidhaa nyingine, tena thamani yake ilipungua kwa kadiri ya umri wa kitanda. Hata hivyo hatari ilikuwa ni ileile katika kitanda kipya na katika kikuukuu.

Tena vitanda vingi havikurudishwa. Mwezi wa Januari 2023 wakuu wa nchi hiyo walilazimika kutangaza mara ya pili, kwa maana hesabu ya vifo ilikuwa imefika karibu 100, na walau watoto wanane walikuwa wamekufa baada ya onyo la kwanza. Kitu kibovu kikikaa nyumbani kinaendelea kuwa kibovu, na mtu akikitoa kwa ukarimu, anatoa na hatari yake.

Sasa turudi kwetu. Je, sheria ya Kongo yasemaje? Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotolewa wakati wa Dola Huru ya Kongo, imekuwa msingi wa sheria ya mapatano na mauzo hata katika siku zetu. Inasema kwamba mwuzaji hujibu kwa kasoro zilizofichika, ambazo zinakifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Hajibu kwa kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe. Mnunuzi ana hiari mbili: kurudisha kitu na kupewa bei yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Kitu chenye hatari kwa mtoto, bila shaka, ataichagua njia ya kwanza. Ikiwa mwuzaji hakujua kasoro, atarudisha bei na gharama za mauzo. Ikiwa alijua akanyamaza, atalipa pia madhara yote yaliyotokea.

Na muda je? Sheria hiyo haikutaja idadi ya miezi wala miaka. Inasema tu kwamba mnunuzi adai kwa muda mfupi, kufuatana na namna ya kasoro na desturi ya mahali pa mauzo. Maana yake, mzazi akipata habari asikawie. Pia ajihadhari na mwuzaji wa vitu vilivyokwisha kutumika anayesema mapema kwamba hajibu kwa kasoro yoyote. Mnunuzi akikubali hivyo, na mwuzaji kweli hakuijua kasoro, dai lake limeanguka. Aliyepewa kitu kwa zawadi hana mauzo ya kudai. Lakini mtoto akidhurika, kuna kifungu cha 258 cha sheria hiyohiyo: mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, sharti ailipe.

Twajua msomaji wa Ngungu atasema: “Sheria ni nzuri, lakini hakimu yuko wapi?” Ni kweli. Vita vimewafukuza watu wa Masisi makwao mara nyingi, na tangu Goma ilipotekwa na M23 katika Januari 2025, kazi za mahakama na ofisi za serikali zimevurugika sana. Ndiyo sababu ulinzi wa mnunuzi huanza nyumbani mwake, siku ile ya kununua.

Kwanza, mzazi asinunue dawa ya mtoto isiyo na kasha, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Namba ya toleo ni kama jina la ubatizo la dawa. Ndiyo huitambulisha kati ya maelfu ya chupa zinazofanana nayo.

Pili, aombe hati ya malipo. Kama mwenye duka hana, mzazi aandike katika daftari siku, bei, jina la duka na namba ya toleo. Mtoto anayesoma shule aweza kumwandikia mama yake. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, akisikia onyo juu ya kitu alicho nacho, akiache saa ileile. Asikitupe, wala asikimwage, kwa kuwa ndicho shahidi wake. Akifunge, akiweke mbali na watoto, kisha akionyeshe kwa mwuguzi wa kituo cha afya. Mtoto aliyekunywa dawa akatapika, akalegea, au mkojo wake ukapungua, apelekwe kwa daktari upesi pamoja na chupa yenyewe.

Nne, aende kwa mwuzaji kwa adabu, pamoja na shahidi mmoja, aombe fedha zake. Mwuzaji mwema hatakasirika, maana naye ana haki kama hiyo juu ya tajiri aliyemwuzia mjini. Wakishindwa kupatana, waende kwa wazee wa mahali, au kwa Tume ya Haki na Amani ya jimbo, au mahakamani palipo na mahakama.

Tano, awajulishe wale aliowagawia. Ikiwa chupa ya ndugu zake ni ya toleo lilelile, kunyamaza kwa aibu ni kumwacha mtoto wa mwenzake hatarini.

Wenye maduka nao wasikie. Kuficha chupa iliyokatazwa na kuipeleka kijijini, ambako tangazo halijafika, ni kumwibia maskini mara mbili: fedha yake na afya ya mtoto wake. Mama wa Ngungu hulipa sawa na mama wa mjini, na mara nyingi hulipa zaidi. Basi anapokuja na chupa yake ya zamani mkononi asifukuzwe kama mwombaji. Anadai kilicho chake.