UKITAKA KUWAONA SAMAKI WA KISITE

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Tangu nije katika shule hii ya bara, swali moja limenifuata kama kivuli. Niwe bwenini, niwe kwenye foleni ya chakula, hata maktabani, naulizwa: "Wewe mtu wa Pwani, ati ni kweli mtu anaweza kutia uso baharini akaona samaki kama anayetazama televisheni?" Naam, ni kweli. Na kwa kuwa chama chetu kimeanza kuzungumzia safari ya kwenda kwetu, nimeona niwajibu nyote kwa mara moja, kisha mwishoni nimwombe mwalimu mlezi jambo moja.

Kwetu ni Mkwiro, kijiji kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini. Kisiwa hiki kinatazamana na Shimoni, zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania. Mjomba wangu ni nahodha wa mashua inayobeba wageni. Karo yangu, sare zangu, hata kalamu hii, vyote vimetoka katika mashua hiyo. Kwa hivyo nikiandika juu ya samaki na matumbawe sisimulii hekaya. Naeleza habari za jikoni kwetu.

Mahali pa kwanza ni Kisite penyewe. Hiki ni kisiwa kidogo cha mwamba, ng'ambo ya Wasini ukielekea bahari kuu, ambako ndege wa baharini hutaga mayai. Bahari inayokizunguka ni hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1970, na kuvua samaki humo ni marufuku kabisa. Ndiyo sababu samaki wa pale hawana wasiwasi. Maji si ya kina kirefu, na jua likiwa juu utaona mpaka mchanga wa chini. Utawaona pono wenye rangi za kila namna wakiguguna mwamba kwa midomo migumu. Ukitulia utasikia krr, krr, krr! Hao hula mwani uliouotea mwamba, wakameza na vipande vya jiwe, kisha wakautoa ukiwa mchanga. Kumbe sehemu ya ule mchanga mweupe tunaousifu katika insha zetu imepitia tumboni mwa pono! Ukiwa na bahati utakutana na kasa, na njiani pomboo huweza kuisindikiza mashua.

Mahali pa pili ni Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, visiwa viwili vya vichaka vilivyo kati ya Wasini na Kisite. Hapo wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa njia za asili kama vile madema na mishipi. Mjomba hutupeleka huko upepo unapokataza Kisite, akatafuta upande uliokingwa. Nanga haiangushwi juu ya matumbawe. Mashua hufungwa kwenye boya, au nanga hushushwa penye mchanga mtupu.

Mahali pa tatu ni pa wale wasiojua kuogelea, nanyi ni wengi, msinifiche! Katika kijiji cha Wasini kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao juu yake, ukapita katikati ya majabali na mikoko bila kulowa hata unyayo. Kiingilio huwasaidia wanakijiji.

Sasa nitaje mahali pasipofaa, nami napajua kwa ngozi yangu: mlango wa bahari kati ya Wasini na Shimoni. Nilipokuwa na miaka 12 nilichukua miwani ya kuzamia ya mjomba bila ruhusa, nikaingia majini peke yangu. Mwezi ulikuwa mpevu usiku uliotangulia, maana yake bahari ilikuwa ya bamvua, na maji yalikuwa yameanza kupwa. Kwa juu bahari ilikuwa shwari kama sahani. Nikamfuata samaki mmoja, kisha mwingine. Nilipoinua kichwa, nyumba zetu zilikuwa zimekuwa ndogo kama viberiti! Nikaanza kuogelea kurudi kwa nguvu zangu zote. Kadiri nilivyopiga mikono ndivyo nyumba zilivyozidi kuwa ndogo. Nikameza maji, nikalia, nikamwita mama. Aliyenisikia ni mvuvi mmoja wa ngalawa, akanivuta kwa kola ya shati kama mtu anayeopoa taa.

Jioni mjomba hakunipiga. Alinikalisha ufukweni akaniambia, "Mpwa wangu, bahari haikuwa na hasira nawe. Ilikuwa yenda zake, wewe ukajitia njiani." Kisha akanifundisha ambayo nami nawapa.

Kwanza, jueni maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja; hiyo ndiyo bamvua, na mikondo yake ni mikali. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na mikondo hupoa. Basi chagueni siku za maji mafu, na muulizeni nahodha saa ya kuingia. Mkondo ukikuchukua, usishindane nao. Lala chali, inua mkono, ita mashua. Au ogelea kuukata kwa ubavu, si kwa kuukabili.

Pili, jueni upepo. Kaskazi, kama Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji maangavu. Kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, huleta mawimbi na maji ya vumbivumbi. Ukizama hata mkono wako huuoni vizuri.

Tatu, jueni vyombo vyenu. Miwani temeeni mate ndani, sugueni, suuzeni, haitashika ukungu. Msicheke, ni dawa kweli. Pumueni kwa mdomo, polepole, kupitia mrija; maji yakiingia, puliza kwa nguvu moja, puuu! Vaeni jaketi la kuelea hata kama ni bingwa wa bwawa la shule. Vaeni fulana, maana mgongo huungua na jua bila wewe kujua. Mwende wawili wawili. Na mkumbuke kwamba ndani ya maji vitu huonekana vikubwa na karibu kuliko vilivyo, kwa hivyo msije mkasimulia bwenini kuhusu papa ambaye alikuwa changu tu!

Nne, na hili ndilo kubwa: msikanyage. Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. La hasha! Tumbawe ni makazi ya wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, waliojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, akampa mwenyeji wake sehemu kubwa na kumpa rangi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maji yakipata joto kupita kiasi, ule mwani hutoka. Tumbawe hubaki jeupe, na joto lisipopungua upesi hufa kwa njaa.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1998, joto lilipoikumba Bahari ya Hindi na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Mjomba alikuwa kijana wa kufunga kamba. Anasema aliangalia chini akaona bahari kama iliyopakwa chokaa, na wazee walionyamaza siku hiyo hawakunyamaza hata wakati wa dhoruba. Sehemu nyingine zimepona, nyingine bado. Tumbawe gumu hukua kwa milimita au sentimita chache tu kwa mwaka. Unyayo mmoja wa mgeni huweza kuvunja kitu kilichokuwa hapo kabla hatujazaliwa.

Joto la dunia hatuliwezi sisi wa Kidato cha Tatu. Lakini unyayo wetu tunauweza. Pale ambapo samaki hawavuliwi, kikande hubaki kuwala wale wadudu weusi wenye miiba mirefu wanaoutafuna mwamba, na mwamba hupata nafasi ya kujijenga upya. Bahari inajua kujitibu ikiachwa itibu.

Sasa ombi langu. Mwalimu mlezi, nasikia safari imepangwa likizo ya Agosti kwa sababu basi litakuwa bei nafuu. Kwa heshima zote, mwalimu, Agosti ni kusi. Tutafika Shimoni tukiwa na hamu, nahodha atatazama mawimbi aseme leo hapana, na wenzangu watamlaumu. Au mbaya zaidi, atashawishiwa aseme ndiyo. Tungoje Desemba, siku za maji mafu. Na kabla ya kupanda mashua, kila mmoja aelezwe jinsi ya kuelea ili asitafute pa kusimama. Mtu aliyeshikwa na hofu hukanyaga chochote. Simlaumu, nami nilikuwa hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa litakalovunjika si guu lake tu.

Mkija, mama atawapikia wali wa nazi na samaki. Mjomba atawahesabu mkishuka majini na kuwahesabu tena mkipanda. Nami nitakuwa wa kwanza kuingia, jaketi kifuani, nikiwangoja. Karibuni Mkwiro.