Mbio za Chipu za Jeni: Vinara wa Shambani

Seli za jani na za mzizi zina jeni zilezile. Zinatofautiana katika zipi ziko kazini. Maikroarei, yaani chipu ya jeni, ni kipande cha kioo chenye vidoto vya DNA. Kila kidoto hunasa nakala zilizotiwa rangi ing'aayo za ujumbe wa RNA wa jeni yake, na kadiri kinavyong'aa chini ya leza ndivyo jeni hiyo inavyochapa kazi. Vinara ni hawa.

1. Ya kwanza kabisa
Mwaka 1995 Mark Schena, Patrick Brown na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima jeni 45 kwa mpigo. Aliyefungua dimba si binadamu wala panya, ni Arabidopsis, kijimea cha ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki! Jeni 45 zingeenea vizuri kwenye basi moja la Dar es Salaam kwenda Arusha.

2. Tone dogo
Kimiminika walichoweka juu ya kioo hicho kilikuwa maikrolita 2. Kijiko cha chai kinabeba matone 2,500 ya namna hiyo.

3. Pengo kubwa
Katika jaribio hilohilo, jeni ya CAB1, inayosaidia jani kunasa mwanga, ilikuwa na ujumbe mwingi zaidi kwenye jani kuliko kwenye mzizi kwa takriban mara 500. Ndivyo inavyopaswa kuwa: mzizi umo gizani, mtambo wa kunasa jua wa nini?

4. Umati mkubwa
Hapa ndipo penye ushindani wa kweli. Miaka kumi hivi baada ya zile 45, kampuni ya Affymetrix ilikuwa na chipu ya ngano yenye seti 61,127 za vinasa, yaani vipande vya DNA vinavyonasa ujumbe, kila kinasa kikiwa na herufi 25 tu. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Seti zaidi ya elfu moja zingebaki zimesimama!

Soya iko nyuma kwa pua tu, takriban 60,800, na mimi naipa taji la ujanja. Seti 37,500 ni za soya yenyewe, 15,800 ni za kimelea Phytophthora sojae anayeozesha mizizi yake, na 7,500 ni za mnyoo anayeivamia mizizi hiyohiyo. Mgonjwa na maadui zake wawili wanapimwa kwenye chipu moja, shambulio na utetezi vikionekana pamoja.

5. Jeni nyingi
Chipu ya ngano iliundwa kabla jenomu ya ngano, yaani DNA yake yote, haijasomwa. Iliposomwa, mwaka 2018, zikahesabiwa jeni 107,891 za uhakika. Binadamu ana kama 20,000 zinazotengeneza protini. Siri ya ngano ya mkate ni kwamba imerithi jenomu tatu kamili kutoka kwa nyasi tatu za kale, na zote tatu bado zinafanya kazi ndani ya punje moja.