Barua Moja, Mashine Tatu: Nakala Halisi ya Barua Pepe Ikae Wapi?

Katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huweza kuwa na mashine tatu za kusomea barua pepe: kompyuta ya ofisini, kompyuta ya nyumbani na simu ya mkononi. Asubuhi husoma ofisini barua ya mnunuzi yenye kutaja bei na siku ya kupokea mzigo. Mchana, akiwa safarini, huitafuta barua ile ile katika simu asiione. Hakuna mwizi aliyeingia, wala mtambo haukuharibika. Mashine zimefanya kama zilivyoagizwa. Kasoro imo katika uchaguzi uliofanywa siku programu ya barua ilipowekwa, aghalabu bila ya mwenyewe kutambua kwamba alikuwa akichagua.

Barua hupitia wapi?

Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao uliojulikana kama ARPANET. Siku hizo kompyuta moja kubwa ilitumiwa na watu wengi. Barua ilikaa humo, na msomaji akaifuata huko huko. Leo mambo ni kinyume: mtu mmoja ana mashine nyingi. Barua yake hupokelewa kwanza na seva, yaani kompyuta iliyo macho usiku na mchana kwa kazi hiyo. Kutoka seva hadi kwa msomaji zipo njia mbili kuu, na kila moja ina kanuni zake, ziitwazo itifaki.

Njia ya sanduku la posta

Itifaki ya kwanza ni POP, iliyotangazwa mwaka 1984. Toleo lake la tatu, POP3, lilitokea mwaka 1988 na lingali likitumika. Kazi yake yafanana na ile ya mwenye sanduku la posta: hufungua kwa ufunguo wake, huchukua barua zote, akaenda nazo nyumbani. Sanduku hubaki tupu.

Njia hii ina faida zake. Barua zikishachukuliwa husomeka bila intaneti, na nafasi katika seva haijai. Lakini ilibuniwa kwa mtu mwenye mashine moja. Ni kweli kwamba programu nyingi zaweza kuagizwa ziache nakala katika seva. Hata hivyo POP haina namna ya kuiarifu seva kwamba barua imekwisha kusomwa au kujibiwa. Iliyojibiwa ofisini huonekana mpya katika simu. Nazo barua zilizotumwa hubaki katika mashine iliyozituma.

Njia ya masijala

Mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, alibuni itifaki ya IMAP. Hii yafanana na masijala ya ofisi. Jalada halihami; ofisa hulisoma, huandika dokezo, na ofisa wa pili alifunguapo huliona dokezo hilo. Vivyo hivyo, nakala halisi ya barua hubaki katika seva, pamoja na alama za kuonyesha kwamba imesomwa, imejibiwa au imefutwa. Kila barua hupewa namba isiyopewa nyingine katika jalada hilo. Simu ikiunganishwa, hulinganisha namba na kuleta zile tu isizokuwa nazo. Huku ndiko kusawazisha.

IMAP huruhusu pia kuleta jina la mtumaji na kichwa cha habari kwanza, na kuacha viambatisho hadi vitakapohitajika. Jambo hili si dogo kwa anayelipia intaneti kwa kipimo. Kwa kuwa barua pepe ilitengenezwa kwa ajili ya maandishi matupu, picha hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kutumwa, na kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4. Picha ya megabaiti 3 husafiri na kuhifadhiwa ikiwa na zaidi kidogo ya megabaiti 4.

Kusawazisha si kuhifadhi

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mwenye kuiona barua yake katika mashine tatu hudhani ana nakala tatu. La hasha. Akiifuta katika simu kwa bahati mbaya, amri hiyo hufika katika seva, kisha katika mashine nyingine zote. Nakala nyingi zinazotii amri moja zina usalama wa nakala moja.

Hata makampuni makubwa yamelipata funzo hilo. Mwezi Februari 2011 baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua masanduku yao wakayakuta matupu. Google, yenye huduma hiyo, ilieleza kwamba kasoro ilikuwa katika toleo jipya la programu ya kuhifadhia data, na kwamba walioathirika walikuwa takriban asilimia 0.02 ya watumiaji. Nakala za barua hizo zilikuwamo katika vituo kadhaa, lakini kasoro moja ilizigusa zote. Zilirudishwa kutoka katika kanda za sumaku, kwa sababu kanda hizo zilikuwa zimetengwa na mitambo.

Namna ya kuchagua

Kwanza, mwenye mashine zaidi ya moja atumie IMAP katika zote. Mashine moja tu ikiachwa na POP inayofuta barua katika seva, itawakausha wenzake sanduku.

Pili, mwenye kompyuta moja na intaneti ya shida aweza kutumia POP, kwa sharti kwamba awe na nakala nyingine.

Tatu, simu ihifadhi barua za siku za karibuni tu. Kompyuta moja iagizwe kuhifadhi zote, pamoja na viambatisho.

Nne, anayehama kutoka POP kwenda IMAP akumbuke kwamba barua za zamani zimo katika kompyuta yake peke yake. Hana budi kuzihamishia katika seva kabla ya kuiacha kompyuta hiyo.

Tano, kila baada ya muda maalumu barua zote zinakiliwe katika diski ya nje, kisha diski ichomolewe na kuwekwa mahali pengine. Nakala hiyo ifunguliwe mara moja moja kuhakikisha kwamba yasomeka.

Katibu akifuata kanuni hizi, barua ya mnunuzi ataiona ofisini, nyumbani na safarini. Na siku ubishi utakapozuka juu ya bei iliyokubaliwa, hata kama barua imefutwa katika mashine zote tatu, wakulima watakuwa na ushahidi wao ndani ya diski iliyofungiwa kabatini.