Somo la Redio: Kwa Nini Meli Hugongana Penye Njia Nyembamba

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: USUKANI, RAFADHA. Rafadha ni lile panga la nyuma ya meli linalosukuma maji. Leo tutajifunza kwa nini meli mbili zenye mabaharia hodari huweza kugongana mchana, bila dhoruba.

Kwanza, fahamuni kwamba meli haina breki. Hata mtambo ukizimwa, meli kubwa huendelea kwenda kwa uzito wake. Nahodha akitaka kuisimamisha, huizungusha rafadha kinyumenyume. Lakini hapo usukani hupoteza nguvu, na kichwa cha meli huweza kugeukia upande asioutaka. Katika bahari kuu pana nafasi ya kujirekebisha. Penye njia nyembamba hapana.

Kwa hiyo mabaharia wana sheria: penye njia nyembamba, kila meli ishike upande wake wa kulia. Tena huambiana kwa honi. Mlio mmoja mfupi maana yake, "Nageuka kulia." Miwili, "Nageuka kushoto." Mitatu, "Narudisha mtambo nyuma."

Sasa sikilizeni yaliyotokea Halifax, bandari ya Kanada, tarehe 6 Desemba 1917, wakati wa vita. Meli ya Kifaransa, Mont-Blanc, ilikuwa ikiingia, imejaa baruti. Meli ya Kinorwe, Imo, ilikuwa ikitoka. Makaa yake yalikuwa yamechelewa siku iliyotangulia, basi ikaenda mbio. Ilikuwa imekwisha kupishana na meli nyingine kwa upande wa kushoto, nayo ikabaki upande huo huo, ambao ulikuwa njia ya Mont-Blanc.

Mont-Blanc ikapiga honi mara moja. Imo ikajibu mara mbili, yaani haitahama. Zikaulizana tena, jibu likawa lile lile. Kila mmoja akangoja mwenziwe ampishe. Mwishowe Mont-Blanc ikakata kushoto. Imo nayo ikarudisha mtambo nyuma, na kichwa chake kikageuka kulia, kikaipiga Mont-Blanc ubavuni.

Moto ukawaka. Watu wengi wakasimama madirishani kutazama, kwa maana hawakujua meli ile imechukua nini. Baada ya dakika 20 hivi, baruti ikalipuka. Watu zaidi ya 1,700 walikufa, na kama 9,000 walijeruhiwa; wengi waliumia macho kwa vioo vya madirisha. Mwaka 1920 mahakama ya rufani huko London ilikata neno kwamba meli zote mbili zilikuwa na makosa sawa.

Basi mnaona: haraka ilikuwako, na upande usio wake, lakini hayo yangaliweza kurekebishwa mapema. Kilichowaponza ni kungoja mpaka nafasi ikaisha.

Nanyi mnaovuka kwa mashua penye mlango wa Kilindini au wa Dar es Salaam, kumbukeni kwamba meli kubwa haiwezi kuwakwepa wala kusimama mara moja. Msikate mbele yake. Ngojeni ipite.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini meli haisimami kama gari?
2. Milio miwili ya honi ina maana gani?
3. Imo ingalifanya nini mapema ili kuepusha ajali?

Kwaherini mpaka somo lijalo.