Mwanao Anapoitwa JKT

Mitihani ya kidato cha sita ikishamalizika mwezi Mei, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutangaza majina ya vijana na kambi walizopangiwa. Kijana wa Mbagala anajikuta amepangwa Bulombora, Kigoma. Binti aliyekulia Makete anatakiwa Maramba, Tanga. Kijana anatafuta raba na bukta ya bluu, mama anakosa usingizi.

Hofu ya wazazi wa leo nadhani ina sababu ya kihistoria. JKT ilianzishwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi waliomaliza kidato cha sita walipita huko kwa mujibu wa sheria. Utaratibu huo ulisimama mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Wengi wa wazazi wenye watoto wa miaka 18 au 19 sasa walimaliza shule katikati ya kipindi hicho cha ukimya. Babu anaijua kwata, mjukuu anakwenda kuijua, ila baba na mama wamebaki na masimulizi ya vijiweni. Ndiyo maana swali la kwanza wanaloniuliza ni kama maafande ni wakali.

Mimi kama daktari ninahofia zaidi jambo jingine, nalo ni ugonjwa ambao kijana anakwenda nao na hakuna anayeujua kambini. Kijana mwenye pumu anaacha dawa yake ya kupuliza nyumbani ili asionekane legelege. Mwenye kifafa anashauriwa na ndugu zake anyamaze, kwa kuwa amekaa mwaka mzima bila kuanguka. Ndugu hao hufanya hivi kwa upendo, wakiogopa mtoto atarudishwa na kuonewa haya mtaani. Lakini anayemkimbiza mchakamchaka alfajiri hawezi kumlinda na asichokijua. Ugonjwa wowote wa muda mrefu uandikwe kwenye barua ya daktari, dawa za kutosha muda wote ziwekwe kwenye begi, na kijana aripoti mwenyewe kwa mganga wa kambi siku ya kwanza. Hata matangazo ya JKT yenyewe huwaelekeza vijana wenye ulemavu wa viungo waripoti kambi ya Ruvu, kwenye miundombinu ya kuwahudumia. Kusema mapema hakumfungii kijana mlango.

Kuna hali moja ambayo familia nyingi hazijui kuwa zinayo, na ningependa kila mzazi aielewe. Mgonjwa wa seli mundu kwa kawaida hujulikana tangu utotoni, na hatakiwi kupelekwa kwenye mazoezi ya aina hii bila uamuzi wa daktari wake. Lakini wapo waliorithi kinasaba cha ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu. Hao wana afya, wanacheza mpira, wala hawalazwi. Utafiti mmoja wa watoto wachanga katika Kanda ya Ziwa ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano yuko katika kundi hili. Mtu kama huyu akikimbia kwa nguvu zote juani, mwili ukiwa hauna maji ya kutosha, hewa ya oksijeni hupungua kwenye misuli inayofanya kazi na asidi huongezeka. Chembe nyekundu za damu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo. Misuli huanza kufa, na mabaki yake humwagika kwenye damu na kuziumiza figo.

Jeshi la Marekani limelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia askari weusi karibu 48,000, ulionyesha kwamba wenye kinasaba hawakufa zaidi ya wenzao, ingawa uwezekano wao wa kuharibika misuli ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 54. Hao walikuwa askari wa jeshi lenye taratibu za lazima za kunywa maji, kupumzika na kuongeza mazoezi kidogo kidogo. Kwa hiyo mwenye kinasaba anaweza kwenda kambini, mradi ajue hali yake na asione aibu kusimama. Kipimo ni cha damu tu. Na kila kijana, awe na kinasaba au asiwe nacho, afundishwe dalili hizi: maumivu makali ya mapaja au kiuno wakati wa kukimbia, miguu kuishiwa nguvu ghafla, na mkojo wenye rangi ya chai kavu. Akiona mojawapo asimame na kwenda zahanati saa ileile.

Joto nalo lina tabia yake. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea, na hatari huwa kubwa zaidi katika siku za mwanzo. Tena hawa ni vijana waliotoka kukaa na vitabu kwa miezi. Muda kati ya mtihani na safari utumike kuandaa mwili: aanze kwa kutembea haraka asubuhi, kisha akimbie taratibu, akiongeza kila baada ya siku chache. Avae raba zilezile atakazokwenda nazo, kwa sababu malengelenge ya wiki ya kwanza yakipata uchafu huwa kidonda cha mwezi mzima. Mwambieni pia kwamba mwenzake akianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka kwenye jua, huyo anakufa kwa joto. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe hapohapo wakati msaada unaitwa. Kumpoza kunatangulia kumsafirisha.

Wanaokwenda kambi ya Mafinga wana shida nyingine. Juni na Julai huko ni baridi kali, na kijana wa pwani hufika na fulana mbili. Sweta si anasa.

Binti apewe pedi za kutosha, na aelezwe kwamba hedhi inaweza kuchelewa au kuruka mwezi kwa sababu ya mazoezi na mabadiliko ya chakula. Akirudi na bado haijatulia, apimwe. Wazazi wa mabinti huniuliza pia, kwa sauti ya chini, kuhusu usalama wao. Swali hilo linastahili kuulizwa kwa sauti ya kawaida, tena mezani, na mtoto wa kiume naye akiwepo. Mwambieni wazi kwamba hakuna amri inayompa mtu yeyote haki juu ya mwili wake, kwamba likitokea la kumtia wasiwasi aliseme kwa matroni au afande mwingine anayemwamini, na kwamba nyumbani hataulizwa alikuwa amevaa nini. Mtoto anayejua hatalaumiwa husema mapema.

Kuhusu upweke, kijana aliyesoma bweni amekwisha kuzoea kulala mbali na kwao. Aliyesoma kutwa miaka yote ndiye wa kuangaliwa, na mngeweza kumpeleka kwanza kwa shangazi mkoani akakae wiki moja bila ninyi. Hamu ya nyumbani kwa kawaida hubana siku za mwanzo, hasa wakati wa kula na wa kulala, kisha hupungua. Yapo maneno ambayo mzazi huyatamka kwa huruma yakamdhuru mtoto: “Ukishindwa nipigie, nitakuja kukuchukua.” Wataalamu wa kambi za vijana wamelionya hili mara nyingi, kwa kuwa ahadi hiyo humfanya kijana atazame mlango badala ya kutazama wenzake, na huku inamwambia kwamba mama yake mwenyewe haamini ataweza. Bora aambiwe kwamba atalia siku mbili tatu na kwamba hilo ni la kawaida. Zikipita wiki bila simu, msitafsiri ukimya kuwa balaa. Tofauti ni kijana anayeacha kula, asiyelala siku nyingi mfululizo, au anayesema hataki kuishi. Huyo ni mgonjwa na anahitaji tiba haraka.

Kisha kuna malaria, ambayo wengi huisahau mtoto akisharudi. Aliyekulia Makete au sehemu nyingine za baridi hana kinga waliyonayo waliozaliwa Kigoma au Tanga, kwa hiyo malaria ikimpata huweza kuwa kali ndani ya siku chache. Chandarua chenye dawa kiwe kwenye begi lake. Na homa ikimshika ndani ya miezi mitatu baada ya kufika nyumbani, hata kama mtaani kwenu malaria ni nadra, mwambieni mganga ametoka kambi ipi, naye apimwe siku hiyohiyo.