Mwezi gani uende wapi: mwongozo kwa mkazi wa Kwale anayepanga safari

Familia nyingi katika kaunti yetu hutoka kutembea mara moja tu kwa mwaka, kama zinatoka. Pesa hutokana na chama, mauzo ya korosho au akiba ya mshahara, na siku huchaguliwa kwa kuangalia jambo moja: shule zinafungwa lini. Hapo ndipo hasara huanzia. Shule hufungwa Aprili, Agosti, na tena kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mapema Januari. Aprili masika yanaanza. Agosti bahari imechafuka kwa upepo wa kusi. Katika likizo hizo tatu, ni moja tu inayopatana vizuri na bahari, nayo huja wakati bei za malazi ziko juu kuliko wakati mwingine wowote.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa kulipia. Agosti moja niliwachukua mama na wapwa zangu watatu kutoka Kinango hadi Shimoni ili tupande mashua kwenda Kisite kuona pomboo. Tuliamka saa tisa usiku. Tulipofika gatini, nahodha alitazama maji kule nje, akatikisa kichwa, akatuambia hatutoki. Watoto walilia. Mama, ambaye hakuwa amepanda chombo maishani mwake, nadhani alimshukuru Mungu kimyakimya. Tulivuka hadi kisiwa cha Wasini tu, tukala samaki, tukarudi. Siku ile nilimwona nahodha mwoga. Leo mtu akiniuliza apande mashua ya nani, humwambia amtafute nahodha wa namna hiyo, anayeweza kuikataa pesa yako.

Pepo mbili, mvua mbili

Mvuvi wa Vanga au Gazi anayajua haya tangu utotoni, lakini mkazi wa Mackinnon Road huenda hajawahi kuelezwa. Mwaka wa pwani hutawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Machi. Wakati huo kuna joto, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na nguvu zake huzidi kati ya Juni na Agosti. Hapo hewa hupoa, mawimbi hukua na maji huvurugika. Katikati ya pepo hizo kuna majuma ya upepo usio na msimamo, ambayo wazee huyaita tangambili.

Mvua nazo ni mbili. Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kuendelea hadi Juni, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Angalia jambo moja ambalo huwapotosha wengi: bara watu huhesabu Aprili kuwa mwezi wa mvua kubwa, lakini huku kwetu mwezi wenye mvua nyingi zaidi ni Mei. Kwa hiyo juma la kwanza la Aprili bado lina matumaini. Mei, isipokuwa una sababu nyingine, kaa nyumbani.

Januari hadi Machi: nenda baharini

Hii ndiyo miezi ya Kisite-Mpunguti, hifadhi ya bahari iliyo kusini mwa Wasini. Pomboo hupatikana humo mwaka mzima, lakini matumbawe na samaki wa rangi huonekana vizuri zaidi maji yakiwa maangavu, na hayawi maangavu kama wakati wa kaskazi. Watoto wasiojua kuogelea wanaweza kuvaa jaketi la kujiokolea, miwani ya maji na mrija wa kupumulia, wakaelea juu tu na kutazama chini. Nje ya mwamba wa Diani, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, huonekana pia papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Ukubwa wake unatisha, lakini chakula chake ni vijidudu vidogo vya baharini, na mtu hamhusu.

Kisiwa cha Funzi na mlango wa mto Ramisi, wenye mikoko na mamba, pia ni safari ya miezi hii.

Kama huna mtoto wa shule, mimi ningechagua Februari bila kusita. Wageni wa sikukuu wameshaondoka, hoteli zina nafasi na bahari ni shwari. Wenye watoto wana njia nyembamba lakini ipo: mapumziko mafupi ya katikati ya muhula wa kwanza, ambayo katika miaka ya karibuni yameangukia mwishoni mwa Februari. Ni siku chache tu, ila Shimoni si mbali na mtu wa Lunga Lunga, Msambweni au Ukunda, na hata wa Kinango akiondoka alfajiri atawahi. Ndivyo tulivyofanya sisi mwaka uliofuata. Mama alipanda mashua, akaona pomboo wanne, na tangu siku hiyo ananiuliza kuhusu nyangumi.

Nyangumi na kusi

Swali la mama lina jibu gumu kidogo. Nyangumi wa nundu husafiri maelfu ya kilomita kutoka bahari baridi za kusini kabisa mwa dunia kuja kuzaa na kulea katika maji yetu ya joto. Hupita hapa kati ya Julai na Oktoba, yaani miezi ileile ya kusi. Anayetaka kuwaona Julai lazima akubali kurushwarushwa na mawimbi, au kufika Shimoni na kuambiwa safari haipo.

Ushauri wangu ni kungoja. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba kusi huwa inalegea, na nyangumi bado wapo. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utawaona. Mwenye mashua anayekuhakikishia anakudanganya. Ukiwaona, nahodha apunguze mwendo na akae mbali nao, hasa mama akiwa na mtoto.

Na kama umeshafika Shimoni mwezi wa Agosti, usikate tamaa kama wapwa zangu. Mkondo ulio kati ya Shimoni na Wasini umekingwa na kisiwa chenyewe, hivyo mara nyingi kuvuka kunawezekana hata siku ambayo Kisite haiendeki. Wasini hakuna magari. Akina mama wa kisiwani wana njia ya mbao inayopita juu ya matumbawe ya kale na mikoko. Upande wa bara kuna mapango ya Shimoni, yanayohusishwa na biashara ya watumwa. Hiyo ni siku nzima, na hukulowa.

Bamvua na maji mafu

Kuna jambo lingine linaloharibu safari za Diani ambalo halihusu mwezi wa kalenda bali mwezi wa angani. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, tofauti ikizidi mita 3. Katika siku hizo maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Familia inayofika ufuoni saa nne na mavazi ya kuogelea itakuta mawe, majani ya bahari na madimbwi. Kwa anayetaka kutembea hadi karibu na mwamba kuona viti vya pweza na nyota za bahari, hiyo ndiyo siku yake, mradi avae viatu na aanze kurudi mara maji yanapoanza kujaa. Anayetaka kuogelea aje alasiri ya bamvua, au achague siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwani wakati huo maji hayaendi mbali. Kila siku nyakati husogea mbele karibu dakika 50. Muulize mvuvi yeyote kabla ya kupanda matatu, hatakutoza kitu.

Juni hadi Agosti: ipe bahari mgongo

Bahari ikikataa, panda milimani. Hifadhi ya Shimba Hills iko juu ya mji wa Kwale na wengi wetu tunaipita tu barabarani. Ni mahali pekee nchini Kenya unapoweza kumwona palahala porini, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Ndovu pia wapo, na jirani yake ni Mwaluganje, hifadhi ya jamii iliyofunguliwa mwaka 1995 ili ndovu wapate njia yao ya kupita na wenye mashamba wapate kitu kutokana na ardhi hiyo.

Mwisho wa Juni una faida yake. Mvua imepungua, msitu ni kijani, na maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21, yana maji mengi. Huko hufikiwa kwa miguu ukisindikizwa na askari wa wanyamapori, na kurudi ni kupanda, kwa hiyo nyanya asilazimishwe. Usivae nguo nyeusi wala za buluu kwa sababu ya mbung'o, wanaozipenda rangi hizo. Barabara za ndani ni za udongo, na baada ya mvua kubwa gari dogo litakwama.

Wenye siku mbili au tatu wanaweza kwenda mbali zaidi. Tsavo hukauka kuanzia Juni, nyasi hupungua na wanyama husongamana kwenye maji, kwa hiyo Agosti, ambayo ni mbaya kwa Kisite, ni nzuri kwa Tsavo. Anayetoka Kinango anashika barabara ya Samburu hadi barabara kuu ya Nairobi bila kuingia Mombasa. Ukifika Voi unaweza kupanda hadi Wundanyi, kwenye milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria kinafikia takriban mita 2,200. Beba sweta. Nasema kwa dhati, kwani watu wa pwani hatuamini baridi mpaka itupate. Nyumbu wa Maasai Mara pia huwa upande wetu wa mpaka kati ya Julai na Oktoba, ila kwa mkazi wa Kwale hiyo ni safari ya kuvuka nchi na gharama yake ni nyingine kabisa.

Wanaobaki karibu wana Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio miongoni mwa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Utafungwa kaniki kiunoni na kuingia na mwongozaji, na hung'oi hata jani. Kivuli chake hakijali kusi wala kaskazi.

Aprili na Mei

Chagua mahali penye paa. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina makumbusho, na Mji wa Kale uko hatua chache kutoka mlangoni. Baadhi ya hoteli za ufuoni hufungwa Mei kwa ukarabati, na zilizo wazi hushusha bei. Wanandoa wanaotaka vyumba viwili vya utulivu na hawajali kunyeshewa wanaweza kupata huko kitu ambacho Desemba wasingekisogelea. Usipange safari ya mashua.

Novemba na Desemba

Vuli haitabiriki kama masika. Mwaka mmoja hunyesha kidogo jioni na kukauka, mwaka mwingine hugeuka kama ule wa El Niño wa 2023 uliofurika sehemu nyingi za nchi. Soma utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kabla ya kulipa chochote. Kwa kawaida Novemba ina wageni wachache, embe zimeanza kuiva na bahari imeshaanza kutulia, na watoto tayari wako nyumbani. Wazazi wengi husubiri Krismasi ndipo waende Diani, wakalipa bei ya Krismasi. Majuma mawili ya kwanza ya Desemba hutoa bahari ileile.

Popote uendapo, beba kitambulisho, maana viingilio na vyumba vingi vina bei ya mwananchi na ya mgeni, na asiyeonyesha kitambulisho huweza kutozwa ile ya juu. Hifadhi zinazosimamiwa na KWS hulipiwa kupitia eCitizen wala si kwa pesa taslimu langoni, kwa hiyo thibitisha ada na ulipe ukiwa bado mahali penye mtandao. Kwa mashua, hesabu majaketi kabla ya kuhesabu abiria, na kila mtoto avae linalomtosha tangu gatini. Bei ya mashua huwa ni ya chombo kizima, si ya kichwa. Kikundi cha watu wanane hulipa kidogo kila mmoja kuliko familia ya watu wanne, na ndiyo sababu vyama vya akina mama husafiri kwa nafuu kuliko sisi wengine.