Dawa za Mimea kwa Michungwa: Namna ya Kudhibiti Waharibifu na Kuwanusuru Wadudu Rafiki

Mkulima wa michungwa au milimao wilayani Kilosa, awe kando ya Mto Mkondoa au katika eneo la Mikumi, hukabiliwa na uamuzi uleule kila machipukizi mapya yanapotokea: apulizie dawa gani dhidi ya vidukari, viwavi na wadudu wengine. Dawa za mimea ni mojawapo ya majibu, lakini si kila dawa itokanayo na mmea ni salama.

Uamuzi huo una uzito. Vidukari weusi hueneza virusi vya tristeza. Mdudu mwingine mfyonza utomvu, Diaphorina citri, ambaye taarifa ya kitaalamu ya kuwapo kwake nchini ilichapishwa mwaka 2016, hueneza ugonjwa wa huanglongbing, unaodumaza matunda na kuyafanya machungu. Mti ukishaugua, hauna tiba.

Hata hivyo, shamba lina walinzi wake. Mbawakawa wadogo wenye madoadoa hula vidukari, nyigu wadogo hutaga mayai ndani ya miili ya waharibifu, na nyuki huchavusha maua. Dawa kali huua wote kwa pamoja. Kwa kuwa waharibifu huzaliana upesi kuliko walinzi, hurejea wakiwa wengi zaidi.

Mwarobaini hutofautiana na dawa hizo. Kiambata chake, azadiraktini, humwathiri zaidi mdudu anayekula jani au kufyonza utomvu: huacha kula, hushindwa kujivua gamba na hupunguza kutaga mayai. Mdudu anayewinda wenzake hudhurika kidogo. Kwa kuwa hufanya kazi polepole, mkulima asitarajie kuona wadudu wakianguka siku hiyohiyo.

Ili kuiandaa, gramu 500 za kiini cha mbegu kilichotwangwa hulowekwa katika lita 10 za maji usiku kucha, kisha huchujwa na kuongezwa sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani. Hupuliziwa jioni, upande wa chini wa majani na kwenye machipukizi, kwa kuwa jua huidhoofisha na nyuki huwa wamerejea mizingani. Miti iliyochanua isipuliziwe.

Utupa na tumbaku vinahitaji tahadhari kubwa. Utupa una rotenoni, sumu inayoua samaki, hivyo usitumike wala vyombo vyake visioshwe karibu na mto au bwawa. Nikotini ya tumbaku huua nyuki na inaweza kumdhuru mpuliziaji kupitia ngozi.

Kwa viuatilifu vya dukani, vikiwemo vya asili ya mimea, mkulima ahakikishe vimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kabla ya kupulizia, akague miti yake. Akiwakuta walinzi wengi na waharibifu wachache, asubiri, na amshirikishe afisa ugani wa kata yake.